Uji wa Guka

Juzi, kwenye kliniki moja mjini Nyeri, niliona ukutani picha ya tumbo na utumbo mwembamba uliojikunja, nikamkumbuka Guka, babu yangu, alipotoka hospitali akiwa ameshonwa utumbo.

Mama alikuwa ameniambia, "Asile kitu kigumu," akaenda shambani. Mimi, bado mtoto mdogo, nilidhani utumbo umeshonwa kama sweta, na chochote kingekata uzi.

Uji wa wimbi ulinukia moshi.

"Nipe kidogo, Wangari."

"Hapana, Guka. Uzi utakatika."

"Basi kunywa wewe, nisikie harufu."

Nikaumaliza kando ya kitanda chake, tumbo lake likinguruma. Sikujua ulipikwa kwa ajili yake.

Mama aliporudi, alifunua sufuria akafurahi. "Amekunywa wote?"

Nilijifuta uji mdomoni.

"Wote," Guka akajibu.