Bakuli la Unga wa Kiganja

Nyie vijana mtakaosoma haya, na hasa wewe mjukuu wangu uliyeniambia niandike badala ya kununa, kaeni mnisikilize. Sina maneno ya kupamba. Shule niliiacha darasa la nne, na sababu yake mtaikuta humu humu.

Wiki iliyopita alikuja huyu mjukuu wangu na wenzake wawili, wamevaa fulana za kufanana, simu mkononi. Wana kikundi chao cha kusaidia kaya zisizojiweza hapa Nyasho. Jambo jema, sikatai. Akaniambia, "Bibi, wewe mtaa huu unaujua wote. Hebu tuonyeshe nyumba zenye shida, tupite na tupige picha." Nilikuwa napepeta mtama. Ungo ukanitoka. Wakadhani ni uzee. Si uzee. Maneno hayo niliwahi kuambiwa, karibu hivyo hivyo, nikiwa na miaka kumi na mkate mdomoni.

Hapa hapa Nyasho nililelewa na bibi yangu mzaa baba, kwenye nyumba ya udongo yenye bati kuukuu lililokuwa linalia kila upepo wa ziwa ukivuma. Ilikuwa miaka ya shida, ile mnayoisikiaga tu. Dukani palikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Sabuni hakuna; tulifulia majani ya mpapai kwenye mawe ya ziwani, na darasa zima lilinuka majani. Ikisemekana sukari imekuja, unawahi kuweka jiwe lako kwenye foleni, jiwe linapanga badala yako, wewe unaenda shule. Tulikula ugali wa muhogo, wa mtama, na ule wa unga wa njano tulioita yanga, ambao hata mbwa wa jirani aliunusa kwanza kabla ya kukata shauri. Mboga ilikuwa dagaa. Siku ya heri, kichwa cha sato.

Ndipo bibi na akina mama wa mtaa walipoanza chama chao. Walikuwemo wa msikitini, wa kanisani, na mmoja ambaye hakuwa anaenda kokote. Sisi watoto tulikiita Chama cha Kiganja. Kazi yake ilikuwa hii: mama akitaka kusonga ugali, kabla unga haujaingia kwenye maji, anachota kiganja kimoja anatia kwenye kopo pembeni. Kiganja kimoja hakimshindi mtu. Alhamisi mchana makopo yote yanaletwa kwetu na kumwagwa kwenye pipa moja. Muhogo, mtama, mahindi, yanga, vyote vinachanganyika mpaka unga unakuwa na rangi ya vumbi la barabarani. Unga huo ndio uliokwenda kwa mjane, kwa mgonjwa, kwa yeyote ambaye jiko lake limezima. Msimu wa kupanda waliazimana majembe, na mbegu ya mtama ilitoka kwa ndugu zetu wa Bunda. Mama akilazwa hospitali, watoto wake wanakunywa uji kwetu.

Sasa tazameni akili ya bibi. Aliona kwamba ule unga wa rangi ya vumbi utawasema waliopewa. Mtu akichungulia jikoni kwako akauona, amekwishajua. Basi akaagiza kila mwanachama aondoke na kibaba cha unga wa pipa, mwenye nacho na asiye nacho, na Ijumaa wote wapike huo. Ijumaa mtaa wetu ulikula rangi moja. Hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mpelekaji nilikuwa mimi. Bibi ananijazia bakuli la bati lenye maua mekundu, anafunika na kitambaa, ananitajia nyumba sikioni. Nikifika mlangoni nasema kwa sauti, jirani naye asikie: "Bibi amenituma nirudishe bakuli lenu. Samahani limekawia." Mwenye nyumba anapokea kama chake. Kuna mzee mmoja mvuvi, mguu wake ulikuwa umepooza, yeye alikuwaga ananiuliza, "We mtoto, bakuli langu hili kila likija kwenu linanenepa. Bibi yako analilisha nini?" Narudi nacheka njia nzima. Daftari bibi hakulitaka kabisa. Akina mama wakimwambia afadhali waandike majina, anajibu, "Njaa ya mtu inapita. Karatasi inabaki."

Nyumba niliyoipenda ilikuwa ya mama fundi cherehani. Mume wake alikwenda Mwanza kutafuta kazi, akatafuta moja kwa moja. Nyuzi hazipatikani, vitambaa hakuna, cherehani imekaa inamtazama. Lakini huyo mama alikuwa na mdomo! Alhamisi anakuja na kopo lake mbele ya wenzake, anasema, "Haya, matajiri tumefika, maskini wasogee." Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hakuna aliyejua kwamba jioni ile ile mimi nabeba bakuli kwenda kwake. Alijua bibi, nilijua mimi. Binti yake alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja, na gauni langu la shule mama yake ndiye aliyelitia viraka, kiraka kimoja kakishona kama jani ili kipendeze.

Kisha mambo yakaanza kufunguliwa. Bidhaa zikaanza kuonekana mjini, na wageni wa misaada nao wakafika. Mwalimu wetu alikuwa mwanachama wa Kiganja, jirani yetu wa nyumba ya tatu, na bibi alimwamini kama mwanawe. Ndiye aliyewaleta wageni kwetu. Walitaka kuona wenye shida wenyewe. Bibi akawaambia, "Tuachieni mzigo. Tutaufikisha." Mwalimu akasema, "Mama, siku hizi haiendi hivyo. Wanaotoa wanataka sura." Bibi akasimama, akaenda kukoroga uji wake.

Kesho yake, baada ya masomo, mwalimu akaniita ofisini. Kwenye meza palikuwa na mkate uliopakwa siagi. Ngano nilikuwa nimeisahau ladha yake. Akaniambia nile. Halafu akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unabebaga bakuli. Tutembee kidogo, unionyeshe tu nyumba. Kuna mablanketi, kuna mafuta. Unataka rafiki yako akose? Itakuwa siri yangu na yako."

Alikuwa mwalimu wangu. Aliyenifundisha kuandika jina langu. Nikatembea naye, natafuna, nanyoosha kidole. Alikuwa na chaki mfukoni. Kila mlango ninaouonyesha anaugusa kidogo, msalaba mdogo. Nikadhani ni ili mafuta yasipotee njia. Na mlango wa mama fundi niliuonyesha kwa furaha kuliko yote.

Jumamosi gari likasimama uwanja wa shule. Makopo ya mafuta, mablanketi, robota za nguo kuukuu zile tulizoita kafa ulaya. Mwalimu amekwishapita kwenye misalaba yake kuwatoa watu, wamepangwa mstari juani, kila mmoja ameshikishwa kopo kifuani anapigwa picha. Mzee mvuvi alibebwa na kiti. Hakutania siku hiyo. Mama fundi yeye hakukutwa nyumbani; alikuwa amesimama kwa watazamaji, anachekesha watu kama kawaida: "Leo tutawaona wenye bahati!" Mwalimu akaita jina lake. Watu wakacheka, wakidhani ni utani wao wawili. Mwalimu akaita tena.

"Umekosea mlango, mwalimu," mama fundi akasema.

"Sijakosea. Mjukuu wa bibi wa Kiganja ndiye aliyenionyesha. Si yeye anakuleteaga unga?"

Alisema hivyo, mbele ya mtaa mzima, na mkono wake umenielekea mimi. Rafiki yangu alikuwa pembeni yangu, ameushika mkono wangu. Akauachia.

Mama fundi hakuchukua kopo. Jioni akaja kwetu, akasimama nje, hakuvuka kizingiti alichokivuka kila siku. Lile bakuli la maua mekundu alikuwa amelisugua kwa mchanga mpaka linang'aa. Akasema kwa sauti, majirani wote wasikie: "Nimerudisha bakuli lenu. Samahani limekawia."

Bibi akalipokea kwa mikono miwili.

Wiki haikuisha, mama fundi akafunga cherehani kwenye baiskeli ya kukodi, akaenda Buhemba kwenye machimbo ya dhahabu. Binti yake alipita mbele ya nyumba yetu anasukuma baiskeli kwa nyuma. Nilimwita. Hakugeuka, na sijamwona tena mpaka leo.

Alhamisi iliyofuata yalikuja makopo matatu. Iliyofuata, hakuna. Wengine walisema wageni watalisha mtaa, wa nini kujisumbua. Wengine walisema kwa bibi siri inatokea mdomoni mwa mtoto. Wageni walirudi mara moja tu, wakakoma. Dukani sabuni zikajaa za kila rangi, sukari bila foleni, ila mzee mvuvi alikufa na hakuna aliyekuwa akimrudishia bakuli. Pipa la unga likawa la mkaa.

Bibi hakunipiga. Mngeniuliza, ningechagua fimbo. Alichofanya ni hiki: hakunituma tena na chombo chochote, hata cha kuazima kweli. Alibeba mwenyewe, na magoti yake mabovu, mpaka alipokufa. Shuleni sikurudi. Ningekaa vipi mbele ya yule mwalimu anisomeshe siasa? Watu huniambia nilikuwa mtoto, sina kosa. Hewala. Lakini mwalimu alikuwa mtu mzima, na miaka yote tuliyokutana naye sokoni alinisalimia vizuri, ananiulizia watoto, kama mtu asiyekumbuka kitu. Nadhani kweli hakukumbuka. Hilo ndilo lisilotoka kooni.

Siku hizi Nyasho watu wanasaidiwa zaidi kuliko zamani zetu, sisemi uongo. Lakini ile Ijumaa ya rangi moja imekwenda, na kijana akiona bakuli limefunikwa anauliza kuna nini ndani.

Kwa hiyo mjukuu wangu na wenzake na fulana zao sikuwafukuza. Chakula hakifukuzwi. Niliwapa maji wakanywa, wakaenda. Halafu nikawaita wote wa nyumbani kwangu, wakubwa na wadogo, nikawaambia: "Kuanzia leo, akija mtu kuuliza nani ana njaa mtaa huu, jibuni ni sisi. Akitaka kupiga picha, niiteni nipigwe mimi. Akishaondoka, fungueni alichotoa, jazeni mabakuli, funikeni, mkayarudishe."