Feni Iliyomwamkia Mama Mkwe

Jamani, mimi fundi redio wa Ifakara nimeaibika. Nilichomoa mota kwenye printa mbovu, nikaifungia mapanga ya bati, nikasema mama mkwe sasa atapepeta mpunga kwa feni. Alipoingia tu kutoka Mofu, kiherehere kikanishika: "Mama, kaa hapo uone!" Majirani wakasogea. Nikaunga betri ya gari. Panga likainama kidogo, tk!, likaganda. Kumbe mota ya printa hupiga hatua moja, kisha hungoja waya mwingine upewe umeme kwa zamu yake. Feni hutaka mota ya kawaida, ya kuzunguka mfululizo. Mama mkwe akaiinamia feni yangu.

"Marahaba, mwanangu," akaiambia. "Afadhali wewe umeniamkia."