Viti vya Kuazima kwa Kavetsa

Watu wa Sisibo, maana ndivyo wengi walivyouita mji wa Eldoret, walikubaliana kwamba chai ya Kavetsa ilikuwa na maziwa mengi kuliko maji. Hiyo haikuwa sifa ndogo katika mji ambamo wenzake wengi waliuza maji moto yaliyotiwa rangi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya stesheni ya reli, pale wapagazi wa magunia ya ngano walipopitia asubuhi wakienda kazini. Kuta zilikuwa za udongo, na paa lilikuwa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Ndani, mteja alikalia sanduku la petroli, na aliyetaka meza aliweka kikombe chake gotini. Lakini usimwambie Kavetsa kwamba hicho ni kibanda. Ilikuwa hoteli, na mwenyewe alisema hivyo bila kucheka.

Alizaliwa Maragoli, akaletwa Eldoret na mumewe, Elphas, kibarua wa reli, mtu mpole aliyependa kuimba kanisani ingawa sauti hakuwa nayo. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka wa hamsini na mbili Elphas akashikwa na kichomi, akafa. Matanga hayajapoa, shemeji yake, Phineas, akafika kutoka nyumbani. Phineas alikuwa na wake wawili na sasa alitaka wa tatu, naye aliongea na Kavetsa kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake uliobaki stesheni. Kavetsa hakumkatalia. Alimwambia tu amngoje amalize kuuza sukari iliyobaki. Ile sukari ikaisha, akanunua nyingine. Mwaka wa tatu ulikuwa unakatika, na Phineas bado alikuwa akituma salamu za kuuliza habari ya sukari.

Basi mwaka wa hamsini na tano bodi ya mji ikatoa amri. Vibanda vyote nyuma ya stesheni vibomolewe. Soko jipya lilikuwa linajengwa kwenye lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika, lenye vyumba vya mawe, sakafu ya saruji na mfereji wa maji. Na kulikuwa na msaada kwa Waafrika wenye biashara ndogo: watakaochaguliwa wangepewa chumba, pamoja na meza na mabenchi ya kuanzia. Kimeli, karani wa bodi, kijana wa huko huko Uasin Gishu aliyevaa tai hata siku ya jua kali, ndiye aliyeyasoma hayo mbele ya baraza kwenye uwanja wa mpira. Akasema wazi kwamba msaada ni wa mtu anayeijua kazi yake lakini hana vyombo. Akaongeza kwamba asiye na kazi wala biashara halali hataruhusiwa kukaa lokesheni, itabidi arudi kwao.

Kwa Kavetsa hesabu ilikuwa rahisi. Apate chumba, au aende kwa Phineas. Akatoa jina lake siku hiyo hiyo.

Zikapita wiki, kisha asubuhi moja Kimeli akaja kwa baiskeli, akaegemea mlango. "Mama Kavetsa, kesho saa nne Bwana Maendeleo anakuja mwenyewe kuona mahali pako. Jitayarishe."

Mzungu wa serikali, mwenye kugawa vyumba, aje kwa Kavetsa! Habari ilimfikia Sarah kabla baiskeli ya Kimeli haijavuka reli. Sarah alikuwa mke wa mzee wa kanisa la Friends na kiongozi wa akina mama. Ndiye aliyelala na Kavetsa chumba kimoja mwezi mzima baada ya mazishi ya Elphas, asije akawaza sana. Alikuja mbio na kitenge kikimtoka kiunoni.

"Sasa atakaa wapi?" akauliza.

"Hata mimi najiuliza hivyo, Mama Sarah. Nimemwambia Wepukhulu anipatie meza."

"Meza peke yake? Wewe utatuaibisha. Viti niachie mimi."

Jamani, watu hawa hawakuwa wajinga. Kila mmoja wao alikuwa uwanjani, akasikia kwa masikio yake kwamba msaada ni wa asiye na vyombo. Na kila mmoja alijua pia kwamba mgeni hakalishwi juu ya sanduku la petroli. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya kichwa kimoja, wala hayakusalimiana.

Kesho yake kulipokucha vitu vikaanza kuingia. Sarah alileta viti vyake vinne vyenye mito, vile ambavyo watoto wake wenyewe walikatazwa kuvigusa, na juu ya kila kimoja akatandika kitambaa alichokidarizi waridi. Wepukhulu, seremala wa jirani, mtu wa maneno machache, alileta meza ya mteja wake, mpya, ikinuka mbao. Chepkoech, aliyemuuzia Kavetsa maziwa kutoka upande wa Chepkoilel, alifika na vikombe vya kauri na visahani vyake, akaviosha mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu. Masanduku ya petroli yakarundikwa nyuma ya pazia, karibu na jiko. Kavetsa akasimama katikati akageuka huku na huku, akasikia raha mpaka akataka kulia. Alitamani Elphas angeiona hoteli yake hata kwa dakika moja.

Bwana Maendeleo akaja saa nne kamili, mrefu, amevaa kaptura, magoti mekundu kwa jua. Alikaa kwenye kiti cha Sarah akanyoosha miguu. Akanywa chai, akala andazi, akaomba la pili. Kimeli alisimama kando yake. Akina mama walijaa mlangoni wakijifanya wamepita tu.

"Mama, chai mzuri sana," akasema Bwana. Akatazama meza, vikombe, vitambaa vya waridi. "Hii vitu yote ya wewe?"

Kavetsa hakuangalia mlangoni. Hakuwa na haja ya kuangalia, alijua walivyokuwa wakimtazama.

"Ndiyo, Bwana. Ni yangu."

Bwana akafurahi kabisa. Aliongea Kizungu na Kimeli kwa muda, na kadiri alivyoongea ndivyo Kimeli alivyozidi kuangalia viatu vyake.

"Bwana anasema hongera," Kimeli akasema mwishowe. "Anasema katika wote aliowaona, wewe umeendelea zaidi. Kwa hivyo wewe huhitaji msaada. Chumba atapewa mwingine, mtu ambaye hana kitu."

Bwana akakiinua kikombe amalizie chai yake. Kavetsa akamwona Phineas kama yuko pale pale, amekaa juu ya mzigo, anangoja.

"Mama Sarah," akasema. "Chukua viti vyako."

Sarah akatabasamu lile tabasamu la mbele ya wageni. "Viti gani?"

"Hivi. Ni vyako. Vichukue."

"Kavetsa, nyamaza," Sarah akamwambia kwa Kimaragoli, polepole, bado akitabasamu.

Nieleze hapo, maana wa siku hizi hawataona uzito wake. Mtu akikuazima kitu kwa ajili ya mgeni, kitu hicho si chake tena mpaka mgeni aondoke. Hata mkikaa kwenye mlango mmoja, hatakitazama sana, asije akaonekana anakilinda. Kukichukua mgeni angali ndani ni kumvua nguo mwenye nyumba, tena ni kutangaza kwamba ulitoa huku unahesabu. Hilo ndilo Kavetsa alilokuwa akimwomba rafiki yake afanye, mbele ya mzungu na nusu ya kanisa.

Sarah hakusogea. Aliyeingia wa kwanza alikuwa Wepukhulu. Aliondoa vyombo mezani kimoja kimoja, akaviweka chini, akainua meza kichwani na kutoka nayo. Chepkoech akafuata, akakusanya vikombe vyake. Kimoja kilikuwa mkononi mwa Bwana. Akasimama mbele yake amekunja mikono, akangoja. Bwana akamtazama Kimeli, Kimeli akatazama paa. Basi Bwana akamalizia chai yake kwa mkupuo mmoja na kumkabidhi kikombe.

Vikabaki viti. Kavetsa alibeba vitatu yeye mwenyewe, akavipanga nje miguuni pa Sarah. Cha nne kilikuwa na mtu.

"Tafadhali, Mama Sarah," akasema. "Nitarudishwa."

Sarah akaingia. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. "Samahani, Bwana," akasema. "Hiki kiti ni changu."

Bwana akasimama. Sarah akakiinua kiti, na kitambaa kikaanguka. Kavetsa alikiokota akampa, naye akakipokea bila kumtazama.

Ndani pakabaki jiko, sufuria, na yale masanduku ambayo Kavetsa aliyatoa nyuma ya pazia na kuyarudisha mahali pake. Bwana alisimama katikati, kofia mkononi.

"Kwa nini wewe sema ya wewe?" akauliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua kweli.

"Ulikuwa mgeni, Bwana."

Kimeli alilitafsiri hilo kwa maneno mengi sana, akirudia hapa na pale. Bwana akasikiliza, akavaa kofia yake, akaenda zake. Siku chache baadaye Kimeli akarudi peke yake na ufunguo wa chumba.

Kwa hiyo Kavetsa alibaki Eldoret. Phineas alipata mke kwingine akaacha kuuliza habari ya sukari. Hoteli ikahamia soko jipya, ikawa na mabenchi, ikaongeza ugali na maharagwe, na baada ya miaka miwili Kavetsa akamwagiza Wepukhulu amtengenezee viti vya kweli, kumi na viwili, vyenye mito. Vitambaa alidarizi mwenyewe.

Yeye na Sarah walisalimiana kanisani kama kawaida. Sokoni Sarah alinunua mboga kwa jirani wa Kavetsa, akapita. Kavetsa alipoona mambo yamekuwa marefu alimfuata nyumbani kuomba msamaha, na Sarah akampikia chai, akamkalisha kwenye kimoja cha vile viti vinne. "Hayo yalikwisha siku ile ile," akamwambia. "Ongeza sukari." Kavetsa alirudi kwake moyo umemwanguka, kwa sababu ndivyo Sarah alivyoongea na wageni.

Mwaka wa hamsini na tisa binti wa kwanza wa Sarah akaolewa. Lokesheni nzima ilijua kwamba viti havingetosha. Jumamosi ya harusi Kavetsa hakufungua hoteli. Aliamka mapema, akapangusa viti vyake vyote kumi na viwili, akavipanga karibu na mlango ambapo mtu angeweza kuvibeba kwa urahisi, kisha akakaa akingoja kuitwa. Kama saa tatu hivi lori likapita mbele ya soko, limejaa viti vilivyofungwa kwa kamba, na vijana wakiimba juu yake. Akamuuliza muuza mboga vinatoka wapi.

"Mbali, Chepsaita," akajibiwa. "Mama Sarah ameazima kwa jamaa zake huko."