Mgeni wa Bima

Herieth alikuwa amefika mahali ambapo kukataliwa hakukumuuma tena, na hilo si jambo la kujisifia. Kila alipoamka kwa kaka yake Sebastian, pale Tangini, Kibaha, katika chumba alichochangia na watoto wa kaka, alishika simu kabla ya kunawa uso na kufungua LinkedIn, ule mtandao wa kutafutia kazi. Huko watu wote wana furaha. Huyu anafurahi kutangaza cheo kipya, yule anafurahi kutangaza semina, mwingine anafurahi tu, basi, bila kueleza. Herieth na stashahada yake ya bima aliwapongeza wote kwa Kiingereza cha shuleni, akitumaini kwamba bosi mmoja atageuka aulize, na huyu ni nani? Miaka miwili sasa. Hakujisikia vibaya wala vizuri. Ganzi tupu.

Wifi yake hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Ila siku hizi alikuwa akiuliza, "Wifi, hivi huko kwenye simu wamesemaje?" huku akiendelea kumenya vitunguu bila kusubiri jibu. Herieth alielewa. Asipopata kazi mwaka huu atarudi Kisarawe kwa mama yake, na kwa mama hakukuwa tena na duka la kumlisha mtu.

Duka liliungua mwaka jana. Mama yake, Redempta, alikuwa akiuza vitenge na vyombo vya plastiki karibu na stendi ya Kisarawe, na bima ya moto alikuwa ameikata kwa sababu moja tu: binti yake alisomea mambo hayo na alimwambia akate. Hitilafu ya umeme ikaleta moto, moto ukala kila kitu. Herieth akaipigia simu kampuni, akapewa siku, akamwambia mama, "Jumatano kuna mgeni wa bima anakuja kuona duka."

Haya. Mgeni anakuja, tena mtu wa ofisini. Mlitaka mama afanyeje? Aliwaita wenzake wa jumuiya wakafagia majivu yote, wakatupa shimoni vyombo vilivyoyeyuka, wakasugua kuta kwa sabuni mpaka weusi ukapungua. Akaazima viti na kitambaa cha meza, akachinja jogoo. Mkaguzi akaja, akanawa, akala, akasifia pilau. Kisha akasimama katikati ya chumba kitupu, kisafi, akauliza mali iliyoungua iko wapi. Mama akamweleza, tena kwa fahari, kwamba wameshaitupa, asingeweza kumkaribisha mtu kwenye uchafu. Fidia haikutoka. Na Herieth, msomi wetu, hakuwa amekumbuka kumwambia mama asiguse kitu.

Hicho ndicho kisa alichokiandika LinkedIn mchana mmoja, kwa Kiswahili, kwa kuwa alikuwa amechoka kufurahi kwa Kiingereza. Alikiandika vizuri, tena kwa kuchekesha. Namsifu kwa hilo na namlaumu kwa hilo hilo. Jogoo alimweka, kitambaa cha meza alikiweka. Jina la mama tu ndilo ambalo hakuliweka. Kufika jioni watu walikuwa wamecheka kwa mamia, mawakala, wakaguzi, wakurugenzi. "Wateja wetu hawa, jamani," mmoja aliandika. Herieth aliyasoma maoni yote huku akikunja nguo za watoto, akasubiri aone aibu, au hata furaha. Hakuna kilichokuja.

Kilichokuja ni ujumbe wa Ambokile, meneja wa madai katika kampuni nyingine ya bima, Dar. Kesho yake akapiga simu.

"Unajua kusimulia, dada. Tunatafuta mtu wa kutoa elimu kwa wateja. Mkataba wa mwaka, unaanza mwezi ujao."

"Nashukuru sana, bosi."

"Ila tunaanza na video. Tunamtaka mama mwenyewe. Afagie kidogo, asugue ukuta, atandike na kile kitambaa. Watu watacheka, halafu watajifunza. Utaongea naye?"

"Na asipotaka?"

"Basi tutatafuta kisa kingine," Ambokile alisema, "na mwenye kisa chake." Alilisema kwa upole, kama muuza duka anayekwambia sukari imeisha.

Jumamosi Herieth akaenda Kisarawe. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa lile duka tupu, na nyanya zake kwenye meza, siku hizi ndiyo biashara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Herieth akaketi. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa aliona ni mengi mno.

"Mama, kuna watu wa bima wanataka kuja hapa dukani. Watakuja na kamera."

Mama akaiacha nyanya aliyokuwa akiifuta. Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Herieth hakuwa ameiona tangu siku ya moto.

"Wanarudi," alisema taratibu. "Mwaka mzima nasema, wale watu walikula kwangu, hawawezi kunitupa. Wanakuja kuangalia upya, siyo?"

Kwa mama, watu wa bima ni watu wa bima. Kampuni hii na kampuni ile ni maneno ya ofisini. Na jibu lilikuwa fupi tu: hapana mama, hawa ni wengine, wanataka watu wakucheke. Herieth alikuwa nalo mdomoni. Alilihisi limekaa pale, halina ladha yoyote, na akashangaa kwamba halikumchoma.

"Wanakuja kupiga picha," alisema.

"Safari hii sigusi kitu. Waniambie tu wanavyotaka, nitafanya hivyo hivyo."

"Watakwambia wenyewe, mama."

Mama akainuka, akaingia ndani na simu yake kumpigia mwenyekiti wa jumuiya. Sauti ilisikika mpaka nje. "Binti yangu amewafuatilia mpaka wamekubali kurudi. Ndiyo faida ya kusomesha, mama Fabian."

Herieth akafungua LinkedIn, akamwandikia Ambokile: Mama amekubali. Akausoma ujumbe mara moja, akautuma.