Kofia Katikati ya Njia

Jua limekwisha kuzigusa ncha za magenge, lakini huku chini korongoni bado kuna kivuli na baridi ya kuuma vidole. Mwanamke mmoja amechuchumaa kando ya baiskeli zilizolazwa mchangani, akiminya tairi moja baada ya jingine kwa kidole gumba, kama mama mwenye nyumba anayechagua maparachichi na hataki kudanganywa. Akikuta lililolegea, ananyosha mkono nyuma bila kutazama, na mkono unaikuta pampu pale pale alipoiweka.

"Mkia!" anaita mpishi kutoka kwenye jiko la gesi. "Chai inapoa, halafu utasema nimekupa maji ya bomba."

"Ipoe tu, kaka. Chai iliyopoa hupashwa moto. Mgeni aliyevunjika bega hapashwi."

Mpishi anacheka, lakini mwanamke hacheki. Hii ni siku ya mwisho ya safari, na kabla ya jua kuzama mwenye kampuni atakuwa ametamka neno analolingoja kwa miaka saba.

Ndivyo aitwavyo, Mkia, na jina hilo halimkeri. Msafara wa baiskeli upitao siku nyingi katika makorongo una viongozi wawili. Anayetangulia huitwa Kichwa: yeye huchagua njia, hupima mwendo na huamua mahali pa kupumzika. Anayefuata wa mwisho huitwa Mkia. Huyu hampiti mtu. Mgeni akikatika mnyororo, akikatika pumzi au akikatika moyo, Mkia husimama naye mpaka kilichokatika kiunganike.

"Mimi ni kama nukta mwishoni mwa barua," anasema. "Nisipofika mimi, msafara haujafika."

Kazi ya mikono aliijua kabla ya kuyajua makorongo. Mume wake ni fundi wa baiskeli, mwenye kibanda cha mabati karibu na kituo cha maji, na yeye alizoea kukaa naye pale akiziba matundu huku amembeba mtoto mgongoni. Kaka wa mume wake ndiye Kichwa wa msafara. Siku moja fundi wa kampuni alipougua, shemeji huyo alikuja kibandani kumwomba ndugu yake aende naye. Ndugu alikuwa na kazi za watu zimelala sakafuni.

"Mume wangu akanitazama, akamtazama kaka yake, akasema, 'Mchukue huyu. Ananishinda kwa magurudumu, ila hapendi niliseme hilo mbele za watu.'"

Mama mkwe hakupendezwa. Alikaa kibarazani siku mbili bila kumwitikia mtu salamu ipasavyo. "Mke wa mtu alale porini na wageni," alisema, "atarudi na nini?"

"Nikarudi na ngozi ya magoti imechubuka na sukari ya nyumbani," Mkia anakumbuka. "Mama akaichukua ile sukari. Magoti akayapaka dawa. Tangu siku ile hakuniuliza tena."

Ujira wa Kichwa ni karibu mara mbili ya ule wa Mkia, na mzaliwa wa kwanza wa Mkia ameingia sekondari. Hata hivyo, ukimsikiliza vizuri utaona kwamba anachokitaka si ujira peke yake. Kwa miaka saba amekuwa akiyaona makorongo kupitia vumbi la watu wengine.

Shemeji yake sasa kiuno kimechakaa, na safari hii ndiyo ya kumuaga. Mwenye kampuni, mwanamume mpole asiyependa kuharakishwa, amepanda baiskeli mwenyewe pamoja na wageni ili aamue nani ashike nafasi ya mbele: Mkia, au kijana mmoja wa mjini aliyejizolea vikombe katika mashindano. Usiku wa kuamkia safari Mkia alimwendea na kuomba waziwazi. Jibu alilopewa bado linamchoma.

"Nyuma unakaa vizuri sana," mwenye kampuni alimwambia. "Mbele sijakuona."

Kuna sifa za namna hiyo, ambazo humfunga mtu mahali alipo kama kigingi kimfungavyo mbuzi. Mkia alisema asante, akaenda kukagua breki.

Msafara wao una amri moja isiyovunjwa. Kichwa huisoma jioni ya kwanza, wageni wakiwa wameshika vikombe vyao. "Ukitoka njiani," huwaambia, "iwe kwa picha, kwa haja au kwa kusali, vua kofia yako ngumu, iache katikati ya njia. Mkia akiikuta kofia atasimama akungoje. Asipoikuta, kwetu sisi hukutoka."

Wageni hucheka, na mtu mzima mmoja hakosi kuuliza itakuwaje kofia ikikanyagwa. Safari hii aliyeuliza hakucheka. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane mwenye mvi zilizosukwa vizuri, aliyekuja kwa sababu wajukuu wake walimwambia hatathubutu. Wote walimwita Mwalimu, na alipokohoa hata mpishi alijikuta amesimama wima.

Jana, njia ilipokuwa imebanwa kati ya ukuta wa mwamba na mteremko wa mawe, Mwalimu alibanwa na haja. Mbele yake walikuwa vijana wawili. Nyuma yake, hatua chache tu, alikuwa mwenye kampuni akizungumza na mgeni mwingine. Mwalimu alisimama kando, akajifanya anakunywa maji mpaka wakampita, mazungumzo yakiwa yamewakolea hata wasimtazame. Halafu akaitazama kofia, akaitazama njia, na amri ikamshinda. Aliisukuma baiskeli yake nyuma ya jabali lililoanguka zamani, kofia ikiwa bado kichwani, imefungwa kidevuni.

Mkia akapita. Macho yake yalikuwa kwa mgeni wa mbele, ambaye gia zake zilikuwa zikiruka. Njia ilikuwa tupu, hapakuwa na kofia, naye akaendelea.

Walipofika mahali pa kupumzika, ng'ambo ya njia panda ambapo tawi moja hushuka mtoni, Kichwa aliwahesabu wageni kwa macho kama ilivyo desturi. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Nyuma yangu hakuna mtu," Mkia akajibu.

Neno hilo amelisema katika kila kituo tangu alipoanza kazi, na kwa kila Mkia ni kama "amina" mwishoni mwa sala. Kwa kuwa Mkia amelisema, Kichwa akafikiri sawasawa na mtu mwenye akili: kama hayuko nyuma, basi alitangulia, akakosea njia panda, akashuka mtoni. Tawi lile ni baya. Lina mteremko mkali na changarawe zinazotembea chini ya gurudumu. Kichwa alimwita dereva wa gari la mizigo kwa redio. Dereva hakuwa amemwona mtu. Mwenye kampuni rangi ilimtoka. Vijana wawili walikwisha kupanda baiskeli zao tayari kushuka.

Hapo ndipo Mkia, kama anavyosimulia, alipolisikia neno lake mwenyewe.

"Nilijiuliza: nimejuaje kwamba nyuma yangu hakuna mtu? Sikugeuka. Miaka yote hii sikuwahi kugeuka. Mtu ukishaitwa wa mwisho, unaamini dunia imeishia mgongoni mwako."

Angeweza kunyamaza. Vijana wangeshuka mtoni, wangemtafuta, na baadaye Mwalimu angetokea mwenyewe njiani, pengine bila mtu kuuliza mengi. Au kijana mmoja angeteleza kwenye changarawe zile. Mwenye kampuni alikuwa amesimama mkono wake wa kulia, na jibu la safari lilikuwa mdomoni mwake.

"Msishuke," Mkia akasema. "Nimesema neno nisilolijua. Sikuangalia nyuma. Nadhani nimempita."

Mwenye kampuni alimtazama tu. Kichwa ndiye aliyesema: "Nenda. Sisi tutakaa hapa, hata mmoja hatasogea."

Alirudi peke yake, akipanda kule alikoteremka. Alipofika njia panda alimkuta Mwalimu amesimama wima kabisa, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu aliye langoni. Hakujua msafara umeelekea tawi gani, naye hakubahatisha. Mbele yake, katikati ya njia, ilikuwepo kofia nyeupe.

"Nimeiweka sasa," alisema kabla ya kuulizwa. "Najua nimechelewa."

"Mwalimu, umeumia?"

"Sikuumia. Nimefedheheka, na hilo halina bendeji. Mwanangu, nimewaadhibu watoto wa watu kwa kuvunja amri ndogo kuliko hii."

"Kwa nini hukuiacha kofia?"

Mwalimu alitazama pembeni. "Mabwana wale walikuwa pale pale. Nikiweka kofia njiani, si nimepiga mbiu ya mgambo? 'Jamani, bibi kizee amekwenda vichakani.'"

"Wahenga walisema mficha uchi hazai."

"Kuzaa nilimaliza zamani. Shida yangu sasa ni kibofu."

Mkia alicheka mpaka akakaa chini, na Mwalimu, baada ya kushindana na uso wake kwa muda, akacheka naye. Lakini walipoanza kwenda, Mkia aliyarudia maneno yale moyoni. Amri ilikuwa njema, na imewaokoa wengi. Ila ilikuwa amri ambayo mtu mwenye haya hawezi kuitii bila kujivua haya yake mbele za watu, na wenye haya ndio wengi zaidi duniani.

Jioni, kambini, shemeji yake alimsogelea akiwa ameshika kiuno.

"Nyani haoni kundule, shemeji."

"Na kichwa hakioni kisogo chake," akajibu. "Kila siku unatuhesabu tukifika. Mbona hutuhesabu tukiwa njiani?"

"Haya, umenipata." Akaketi kwa uangalifu mkubwa, kama mzee anayeshushwa kisimani kwa kamba. "Lakini leo umejikata mwenyewe kwa kisu chako. Yule bwana hakusema kitu tangu mchana."

"Nimemwona."

"Unajuta?"

"Najuta kutogeuka. Kusema, hapana."

Basi hayo ndiyo yaliyomlaza macho, na ndiyo anayoyaminya asubuhi hii pamoja na matairi. Wageni wanatoka mahemani mmoja mmoja. Kichwa anakuja kwa hatua fupi, anasimama mbele ya mwenye kampuni ambaye anafunga kamba za viatu.

"Bwana, nina ombi la kuagia," anasema. "Miaka yote nimekaa mbele. Leo nataka nikae nyuma, nione mlichokuwa mkikiona mgongoni mwangu. Shemeji atangulie."

Mwenye kampuni anamaliza fundo la kiatu cha kushoto. Anafunga na la kulia.

"Jaribuni," anasema.

Mkia anatangulia. Mwanzoni mabega yamemkaza na anageuka mara nyingi mno, mpaka Mwalimu anampigia kelele atazame aendako. Kisha mwendo unatulia. Njia inapinda chini ya mwamba mwekundu, hewa mbele yake haina vumbi, na korongo lote linafunguka kama mlango ambao amekuwa akiusubiri kwenye ngazi.

Haupiti muda mrefu anasimama. Mahali penyewe ni papana na pa salama, hakuna aliyechoka wala aliyetobokewa na tairi. Anavua kofia yake, anaiweka katikati kabisa ya njia, anatokomea nyuma ya mawe. Msafara mzima unasimama. Mwenye kampuni anaikodolea macho ile kofia. Kule nyuma Kichwa anaketi juu ya fremu ya baiskeli yake, hana haraka.

Mkia anarudi baadaye kidogo, anaiokota kofia, anaifunga.

"Kulikuwa na nini?" anauliza mwenye kampuni.

"Hakukuwa na kitu. Nimekwenda kulitazama korongo." Halafu anawageukia wote. "Kuanzia hapa, kila mmoja wetu ataacha kofia njiani angalau mara moja kabla ya kufika. Mwenye haja na asiye na haja. Hakuna atakayejua nani alikwenda kwa lipi, na hakuna atakayeuliza. Hata wewe, bwana."

Mwenye kampuni anajikuna shingo. "Hata mimi?"

"Hata wewe."

Wa kwanza ni mmoja wa wale vijana, kwa picha. Wa pili ni mwenye kampuni, ambaye anakawia sana nyuma ya kichuguu na kurudi na uso wa mtu aliyefarijika. Kabla ya adhuhuri kofia nyeupe imewekwa katikati ya njia, imenyooka kama mwanafunzi mstarini, na Mkia anaposimamisha msafara, hakuna anayecheka wala kugeuza shingo. Mwalimu anarudi, anaiokota, anaipangusa vumbi.

"Endeleeni," anaamuru.

Jioni baiskeli zinapandishwa garini. Mwenye kampuni anamkuta Mkia akifunga kamba ya mwisho.

"Msafara mwingine unaanza mwisho wa mwezi," anasema. "Yule kijana wa vikombe nimemwambia aje."

Mkia anaendelea kufunga. Kamba anaivuta zaidi ya inavyostahili.

"Ana mbio, lakini hajui kungoja," mwenye kampuni anaongeza. "Atakaa nyuma. Mfundishe."

Anaondoka kabla ya kushukuriwa. Mkia anabaki ameshika kamba, mgongo ameugeuzia korongo. Mipango yake anaisema taratibu, kama mtu anayeogopa kuimwaga: mtoto atamaliza sekondari, mume atapanua kibanda, na siku moja atawaleta huku wanawake wa mtaa wake, wale ambao humwambia kwamba wangependa, ila wanaona haya. Mama mkwe amekwisha kutangaza kwamba yeye atapanda gari la mizigo pamoja na mpishi.

Na kijana wa vikombe, atamwambia nini?

"Neno moja tu," anasema. "Asiniambie kwamba nyuma yake hakuna mtu mpaka amegeuka."

Kisha yeye mwenyewe, kabla ya kupanda garini, anageuka.