Jalada kwa Mikono Miwili

Asubuhi moja nilikuwa benki, hapa Tabora, nikimsubiri meneja kwa mahojiano ya gazeti letu. Kwenye meza iliyo mbele yangu, binti mmoja, afisa uwekezaji aliye bado kwenye kipindi cha majaribio, alikuwa akiandika tathmini ya kiwanda cha asali. Meneja akatokea, akamwekea jalada jingine.

"Mwanangu, na hili la wafugaji wa Ziba. Nayataka yote mawili Ijumaa."

Nikampigia hesabu yule binti. Akikubali, ataharibu yote mawili. Akikataa, huenda asithibitishwe kazini.

Binti akasimama, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akamnyooshea jalada la asali kwa mikono miwili. Kwetu, mkubwa hawezi kuacha kitu kinachotolewa hivyo kikining'inia. Meneja akalipokea, ndipo akalitazama.

"La Ziba nitalimaliza Ijumaa, baba. Hilo tumpe nani?"

"Wewe binti wewe!" Akacheka, akamrudishia asali, akaondoka na Ziba yake.

Jana mhariri wangu kaniongezea ukurasa wa kilimo. Nikasimama, nikapiga goti, nikamwamkia. Lakini kazi zangu zote zimo kwenye kompyuta; sikuwa na jalada la kumnyooshea. Nikaishia kusema asante.