Maua ya Chaki Kwenye Mapipa

Vasanti aliishi London utu uzima wake wote bila kuingia baa hata mara moja. Si kwamba alizichukia. Kila siku akienda kufungua duka lake pale Tooting alipita mbele ya moja, na mlango ukifunguka joto na kelele zilimmwagikia usoni, naye akaongeza mwendo kidogo, kama mtu aliyechungulia uani kwa watu kwa bahati mbaya. Alikuwa Mgujarati mzaliwa wa Tanga, mjane, asiyegusa nyama, samaki wala yai. Aliuza vitambaa, nyuzi na vifungo. Mtu wa namna hiyo angetafuta nini baa?

Aliyemtia kishawishi ni Gurdial Singh, Kalasinga wa Nairobi, fundi mstaafu wa treni za chini ya ardhi, mjane naye. Alianza kuja dukani kununua kitambaa cha kilemba. Akaja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kufika majira ya vuli alikuwa amenunua vilemba vingi kuliko vichwa vya ukoo wao mzima. Yeye alisema Kipunjabi nyumbani, Vasanti Kigujarati, kwa hiyo wakikutana walizungumza Kiswahili, na wateja wengine walibaki wakiwatazama wazee wale wawili wakicheka kwa lugha isiyoeleweka.

"Vasantiben," alisema Gurdial siku moja ya Januari, akimwita "ben", yaani dada, kwa desturi ya Wagujarati, "Jumamosi kuja na mimi."

"Husemi 'kuja na mimi', Gurdialbhai. Unasema 'twende pamoja'."

"Haya. Twende pamoja. Sasa nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri sana. Twende wapi?"

"Kwa tamasha ya bia."

Vasanti akashika mkasi wake kama anayetaka kujikinga. Lakini neno "twende" alikuwa amelitamka mwenyewe, na isitoshe Jumamosi zake zote zilifanana. Alipompigia simu binti yake Bhavini kumweleza, Bhavini alicheka mpaka simu ikamdondoka, kisha akamwambia kwa Kiingereza kwamba kama mama hataenda, basi ataenda yeye mwenyewe na huyo mzee.

Siku yenyewe kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Vasanti alivaa suruali ya sufu ndani ya sari, sweta juu ya sari, koti juu ya sweta, na shali kubwa ya kahawia juu ya vyote. Gurdial alimngoja kituo cha basi akiwa na kilemba cha buluu iliyokoza, kipya, cha dukani kwa Vasanti.

Tamasha lilikuwa katika ukumbi wa zamani huko kusini mwa mji. Gurdial alikuwa mmoja wa watu wanaojitolea kila majira ya baridi kubeba mapipa na kumimina. Mlangoni Vasanti alipewa glasi, akaishika kwa mikono miwili. Mapipa yalikuwa yamelazwa ubavu juu ya vichanja, mstari baada ya mstari, yamefunikwa vitambaa vyenye maji kama wagonjwa wa homa. Mbele yao walijaa wanaume wenye ndevu na wanawake wenye kofia za kufuma, na mbwa mmoja mnene aliyelala katikati ya njia huku kila mtu akimruka kwa heshima.

"Hii inaitwa Soksi za Shangazi," Gurdial alimtafsiria majina ya bia kwa sauti kubwa. "Na hii Askofu Ameteleza."

"Unanidanganya."

"Haki ya Mungu. Soma mwenyewe!"

Alisoma. Askofu alikuwa ameteleza kweli. Vasanti akaanza kucheka hapo hapo, kabla hajaonja tone.

Bia ya kwanza ilikuwa ya rangi ya majani makavu. Alipiga funda moja, uso ukajikunja wote. "Chungu kama shubiri! Na wala haina baridi!"

"Baridi kali inaiua. Ile ya kopo imeshakufa, Vasantiben. Hii iko hai. Hamira bado inafanya kazi ndani ya pipa, inapumua."

"Inapumua?"

"Sikiliza."

Akainama, sari, sweta, koti na shali, akaweka sikio kwenye pipa. Labda alisikia kitu, labda alisikia sikio lake mwenyewe. Alipoinuka macho yalikuwa yanang'aa. "Kuna mtu ndani," alisema.

Ya pili ilikuwa nyeusi tititi. Hiyo aliionja kwa tahadhari. Kahawa iliyoungua kidogo, na nyuma yake sukari guru, ile ile iliyokuwa ikichemka jikoni kwa mama yake walipotengeneza vitafunio vitamu vya laddu. Akaionja tena ili kuhakikisha. Akahakikisha mara kadhaa.

Ndipo mwanamke mmoja mwenye nywele za waridi, mmoja wa wale wamiminaji, alipoegemea meza kumtazama. "Kumbe ni wewe!" alisema. "Ni wewe wa maua!"

"Maua gani?"

Mwanamke akaonyesha kwa kidole. Kwenye vichwa vya baadhi ya mapipa, hapa moja, kule moja, mtu alikuwa amechora ua kwa chaki nyeupe. Watengenezaji wengine wa bia, mwanamke alieleza, huisafisha kwa kibofu cha samaki kilichokaushwa ili iwe angavu. Basi Gurdial wiki nzima amewasumbua wote, mmoja mmoja: Yako ina samaki? Una hakika? Nani kakwambia? Na palipokuwa hakuna samaki alichora ua, kwa sababu kuna rafiki yake anakuja.

Vasanti akamgeukia Gurdial, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi za kufuta meza iliyokwisha kuwa kavu.

"Ni yasmini," alisema Gurdial bila kuinua macho.

"Yanafanana na mayai ya kukaanga," alisema Vasanti, na sauti ikamtetemeka katikati ya kicheko.

Hapo wakamwita Gurdial kufungua pipa jipya. Akachukua nyundo ya mbao, akaweka bomba kwenye tundu, akamtazama Vasanti badala ya kulitazama bomba, akapiga. Bomba likaruka. Bia ikatoka fwaaa! Ikapiga kilemba, ikapiga dari, ikawanyeshea wenye ndevu na wasio na ndevu. Ukumbi mzima ukashangilia kama wamefunga goli.

Vasanti hakujua alivyopita chini ya meza. Alichojua ni kwamba amelifikia pipa, amevua shali, ameibana kwenye tundu kwa mikono miwili na uzito wake wote, na bia inamchuruzika viwikoni hadi ndani ya sweta. Gurdial alikuwa amepiga magoti akitafuta bomba miguuni mwa watu.

"Limeingia chini ya mbwa!" mtu alipiga kelele.

Mbwa akainuliwa. Bomba likapatikana.

"Toa mikono nikisema sasa!" alisema Gurdial.

"Piga tu, mzee, nazama!"

"Sasa!"

Akapiga. Likakaa. Makofi yakalipuka, na watu wasiomjua wakaimba jina lake vibaya, "Va-sen-ti! Va-sen-ti!" Yeye alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kichanja, akicheka bila sauti, machozi yakishuka. Gurdial aliketi kando yake. Kilemba kilikuwa kinadondosha matone kama paa la bati.

Jioni walirudi kwa basi, ghorofa ya juu, wakinuka kiwanda kizima. Na kwa kuwa London ni kubwa ila kwa mtu asiyetaka kuonekana, kiti cha mbele yao alikuwa ameketi Pushpaben, mwenzake Vasanti wa hekaluni. Pua yake ilicheza. Kichwa kikageuka nusu.

"Anajua?" Gurdial alinong'ona kwa Kiswahili.

"Ananusa," Vasanti alinong'ona. "Usicheke. Ukicheka nami nitacheka."

"Mwambie ni dawa ya goti."

"Goti gani linanuka hivi?"

Wakafa kwa kicheko, wameziba midomo kama watoto wa shule. Pushpaben akageuka mzima mzima.

"Mimi nimezaliwa Mwanza," alisema kwa Kiswahili safi. "Semeni basi, ilikuwa nzuri?"

Vasanti alitamani sakafu ya basi ifunguke. Kisha akajisikia akisema, "Ile nyeusi, dada. Nzuri mno!"

Walioana Juni, kwa msajili, Bhavini akiwa shahidi na akilia kuliko wote. Pushpaben alikwisha kutangaza habari ya pipa hekaluni kote, akiiongezea chumvi kila alipoisimulia. Mpaka Diwali ilipofika, akina mama kadhaa walikuwa wamemvuta Gurdial pembeni, kila mmoja kwa siri, wakimuuliza tiketi za tamasha la Januari zinapatikana wapi.